Filamu za taharuki: kanuni zake, na kwa nini sisi wa Pwani tuzijue

Ukiwauliza vijana wa Kisauni, Likoni au Malindi wanatazama filamu gani, wengi watakutajia zile za kukimbizana, za mabomu yanayohesabu dakika, za majasusi na za watu waliosingiziwa mauaji. Wako wanaoziita thrila. Mimi nitaziita filamu za taharuki, kwa kuwa neno tunalo tayari na limefundishwa shuleni miaka mingi. Aliyesoma fasihi hadi kidato cha nne anajua kwamba taharuki ni ile hali ya kushikwa na hamu na wasiwasi wa kutaka kujua litakalofuata.

Filamu hizi hazitengenezwi kwa kubahatisha. Zina kanuni, na kanuni zenyewe ni chache kuliko mtu anavyodhani. Anayezijua huifaidi filamu zaidi, kama vile shabiki anayejua mbinu za kandanda anavyoufaidi mchezo kuliko yule anayeufuata mpira kwa macho tu.

Kwetu sisi ipo sababu ya pili ya kuzijua. Kanuni hizi ndizo zinazoamua nani katika filamu aogopwe na nani aogopewe. Kiswahili kimetupa tofauti hiyo kwa irabu moja: kumwogopa mtu ni kuona kwamba yeye ndiye hatari, kumwogopea ni kuona kwamba hatari inamjia yeye. Filamu ya taharuki yote imesimama juu ya irabu hiyo. Na kwa miaka mingi, mtu mwenye jina kama langu na kofia kama ya baba yangu ameogopwa sana kwenye skrini, na ameogopewa mara chache mno.

Basi tuanze na kanuni, kisha tulirudie hilo.

Taharuki si fumbo wala si kitisho

Watu huzichanganya aina tatu au nne za filamu. Katika hadithi ya upelelezi, jambo limeshatendeka. Maiti iko chini, sisi tunauliza nani aliyeua. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua aina hii tangu Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Mzanzibari Muhammed Said Abdulla kilichochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa hutulia na kiko chake na kulifumbua fumbo kwa akili. Raha ya pale ni kufikiri.

Taharuki hutazama mbele. Jambo baya linakuja na swali ni moja: litazuilika au halitazuilika? Waliomsoma Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, wanajua tofauti. Kwa Bwana Msa unasoma huku umeegemea mto. Kwa Willy Gamba unafunua ukurasa kabla hujamaliza ule uliotangulia.

Filamu za kitisho nazo zina jambo lao: hutaka ushtuke na uchukizwe, na mara nyingi humleta jini, mzuka au muuaji asiye na sababu. Filamu za mapigano hutoa raha ya ngumi na risasi zenyewe. Aina hizi huingiliana sana, lakini kipimo ni rahisi. Ukiona kinachokushika ni kungoja, na si kile kinachotokea, hiyo ni taharuki.

Bomu chini ya meza

Aliyeieleza kanuni hii vizuri kuliko wote ni Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1899 na kwenda kufanya kazi Marekani mwaka 1939. Alimweleza mwongozaji Mfaransa François Truffaut, katika mazungumzo marefu waliyoyafanya mwaka 1962, kwa mfano ambao hadi leo hufundishwa.

Watu wawili wameketi mezani wanazungumza mambo ya kawaida. Ghafla bomu lililokuwa chini ya meza linalipuka. Mtazamaji anashtuka kwa sekunde chache, basi. Sasa geuza. Mtazamaji ameonyeshwa mtu akiliweka bomu, anajua litalipuka saa saba kamili, na saa iliyoko ukutani inaonyesha saa saba kasorobo. Mazungumzo ni yale yale, ya kupiga soga tu, lakini sasa kila neno lina uzito. Mtazamaji anataka kupaza sauti: acheni porojo, inukeni! Mshtuko wa sekunde chache umegeuka kuwa robo saa ya kukaa ukingoni mwa kiti.

Siri iko katika elimu. Mtazamaji anajua jambo ambalo mhusika halijui. Usichanganyikiwe na wanaosema taharuki huletwa na kufichwa kwa habari. Mara nyingi huletwa na kupewa habari mapema, pamoja na kunyimwa uwezo wa kufanya lolote juu yake.

Hitchcock pia alijifunza mpaka wa kanuni hii. Katika filamu yake Sabotage ya mwaka 1936, mtoto anabeba bomu ndani ya basi bila kujua. Watazamaji wanajua, wanaogopa, wanangoja aokoke. Bomu linalipuka na mtoto anakufa. Watu walikasirika, na Hitchcock mwenyewe baadaye alikiri kwamba alikosea: ukishamwogopesha mtu kwa ajili ya mtoto asiye na hatia kwa muda wote huo, una deni naye.

Vifaa vya kazi

Mtu wa kawaida aliyetumbukia. Mhusika mkuu wa taharuki kwa kawaida si shujaa wa kuzaliwa. Ni daktari, dereva, mwalimu, mtu aliyekuwa akienda zake. Katika The 39 Steps ya mwaka 1935, mwanamke anauawa katika nyumba aliyopanga mhusika mkuu, na lawama inamwangukia yeye. Katika North by Northwest ya mwaka 1959, mtu wa matangazo ya biashara anadhaniwa kuwa jasusi ambaye hata hayupo. Katika The Fugitive ya mwaka 1993, Harrison Ford ni daktari aliyehukumiwa kwa kumuua mkewe. Anakimbia polisi huku akimtafuta muuaji wa kweli. Kanuni hapa ni kwamba mtazamaji lazima ajue mapema kuwa mtu huyu hana hatia. Bila hilo, ni habari ya mhalifu anayesakwa tu. Ukishalijua, kila polisi anayepita njiani anakuwa tishio na kila mlango uliofungwa unakuuma.

Kitu kinachotafutwa. Wote wanakifukuzia: bahasha, mkanda, almasi, jina fulani. Hitchcock alikiita MacGuffin, na akasema kwamba kwa mtazamaji hakina maana kubwa mradi wahusika wanakiona ni cha kufa na kupona. Ukimaliza filamu ukagundua hukumbuki kile kitu kilikuwa na nini ndani, ujue kilifanya kazi yake sawasawa.

Saa inayokimbia. Lazima uwepo ukomo. Katika Speed ya mwaka 1994, basi la abiria la Los Angeles limetegwa bomu litakalolipuka mwendo ukishuka chini ya maili 50 kwa saa, yaani takriban kilomita 80. Wazo lote la filamu linaenea katika sentensi moja, na ndiyo maana lilifaulu. Hapa nyumbani, 18 Hours ya Kevin Njue, ya mwaka 2017, ilichukua tukio la kweli la mwaka 2015 la mgonjwa aliyekaa saa 18 ndani ya ambulensi Nairobi akingojea kitanda cha wagonjwa mahututi. Mle hamna jasusi wala bomu. Saa inayokimbia ni pumzi ya mtu, na adui ni mlango wa hospitali usiofunguka. Filamu hiyo ilitunukiwa kuwa filamu bora kwa jumla katika tuzo za AMVCA huko Lagos mwaka 2018.

Mahali pasipo na pa kutokea. Ndege, gari moshi, lifti, kisiwa. Katika Rear Window ya mwaka 1954, James Stewart amevunjika mguu na amekaa kwenye kiti dirishani. Anadhani jirani wa ng'ambo amemuua mkewe na hawezi hata kuinuka. Katika Buried ya mwaka 2010, mtu mmoja yumo ndani ya jeneza lililozikwa, na kamera haitoki humo tangu mwanzo hadi mwisho. Kadiri nafasi inavyobana ndivyo pumzi ya mtazamaji inavyobana.

Adui mwenye akili. Taharuki ni nzuri kadiri adui alivyo mzuri. Hans Gruber wa Die Hard, filamu ya mwaka 1988, ana mpango, ana suti iliyokaa vizuri na ana subira. Hannibal Lecter wa The Silence of the Lambs ya mwaka 1991 haonekani kwa muda mrefu, lakini Anthony Hopkins aliyemwigiza alishinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Adui mjinga hamwogopeshi mtu.

Chambo cha uongo na kugeuka kwa kibao. Mtungaji hukuelekeza kwa mtu asiyehusika ili usimwone anayehusika. Kisha, karibu na mwisho, kibao kinageuka. Aliyevunja kanuni kuliko wote ni Hitchcock mwenyewe katika Psycho ya mwaka 1960. Alimuua bafuni mwanamke tuliyemdhani ndiye mhusika mkuu kabla filamu haijafika nusu. Waliokulia kwenye mabanda ya video na sauti ya DJ Afro wanaijua sheria kwamba staringi hafi. Ndiyo maana Psycho iliwatikisa watu: baada ya pale hakuna aliyekuwa salama tena. Kibao kizuri ni kile ambacho ukirudi kuitazama filamu upya, unakuta dalili zote zilikuwepo mbele ya macho yako.

Sauti. Mvuvi yeyote anaijua hofu ya kitu kilicho chini ya maji kisichoonekana. Katika Jaws ya mwaka 1975, papa wa mtambo aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo Steven Spielberg alilazimika kumficha. Zaidi ya saa nzima inapita kabla hujamwona vizuri. Mahali pake palijazwa na muziki wa John Williams, noti mbili tu zinazorudiwa na kuongezwa kasi. Ukizisikia, papa yupo. Kwa upande mwingine, No Country for Old Men ya mwaka 2007 karibu haina muziki kabisa, na ukimya wake unatisha vivyo hivyo. Zima sauti ya filamu yoyote ya taharuki utaona jinsi nusu ya hofu ilivyokuwa ikiingilia masikioni.

Wapenzi wa filamu za Kihindi, na Pwani hii tumejaa, watanikumbusha Drishyam. Ilitengenezwa kwanza kwa lugha ya Kimalayalam mwaka 2013, kisha kwa Kihindi mwaka 2015 na Ajay Devgn. Mhusika wake ni baba wa familia, mwenye biashara ndogo ya televisheni ya kebo, ambaye hakusoma sana. Elimu yake yote ameipata kwa kutazama filamu. Familia yake inapoingia matatani na polisi, anaitumia elimu hiyo. Ni filamu ya taharuki kuhusu mtu anayezijua kanuni za taharuki. Sitawaharibia mwisho wake.

Njia za mkato, na nani anayelipa

Sasa nije kwenye lile nililoliahidi.

Filamu ina saa mbili. Haiwezi kumweleza kila mtu. Kwa hiyo hutumia njia za mkato: mavazi, lafudhi, uso, sauti ya nyuma. Mtazamaji huelewa kwa sekunde moja nani wa kuogopwa. Wakati wa vita baridi, lafudhi ya Kirusi ilitosha. Baadaye, na zaidi tangu miaka ya 1990, ilitosha ndevu, kilemba na jina la Kiarabu. True Lies ya mwaka 1994 ni mfano unaojulikana. The Siege ya mwaka 1998 ililalamikiwa na Waislamu wa Marekani hata kabla mambo hayajachafuka mwaka 2001.

Msomi Jack Shaheen, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon, alichambua zaidi ya filamu 900 katika kitabu chake Reel Bad Arabs cha mwaka 2001. Alionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya filamu hizo zilimchora Mwarabu kuwa jambazi, mshenzi au mpumbavu, na kwamba zilizomchora kama mtu wa kawaida zilikuwa za kuhesabika.

Na njia ya mkato inayoniuma zaidi ni ya sauti. Mara ngapi umeona kamera inapita juu ya mapaa ya mji, vumbi, nguo kambani, na nyuma yake inasikika adhana? Wewe unajua ni wakati wa swala. Mtazamaji aliyefundishwa na filamu hizo amesikia noti mbili za papa.

Rudi kwenye kanuni ya mtu aliyesingiziwa. Harrison Ford anakimbia, nasi tunamwogopea kwa sababu mwongozaji ametuonyesha tangu mwanzo kwamba hakuua. Sasa mwondoe daktari yule, umweke kijana mwenye kanzu anayekimbia askari kwenye kichochoro. Katika filamu ngapi mwongozaji ametuonyesha kwanza kwamba hana hatia? Mara nyingi hatuonyeshwi mama yake, kazi yake wala jambo analolicheka. Tunamwona kwa mara ya kwanza kupitia darubini ya bunduki. Kukimbia kule kule ambako kwa daktari kulikuwa ushahidi wa kuonewa, kwake kunakuwa ushahidi wa hatia.

Hili si jambo la skrini pekee. Pwani hii tunao wazazi ambao watoto wao walichukuliwa na watu wasiojitambulisha na hawakuonekana tena, na mashirika ya haki za binadamu yameziweka kesi hizo kwenye maandishi. Filamu haikumchukua mtoto wa mtu. Lakini jamii iliyozoeshwa kwa miaka kumwogopa kijana wa aina fulani, na haijazoeshwa kumwogopea, huuliza maswali machache siku kijana huyo anapotoweka.

Filamu tatu zinazotugusa

Captain Phillips ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Paul Greengrass, inatugusa moja kwa moja: meli ya Maersk Alabama iliyovamiwa na maharamia wa Kisomali tarehe 8 Aprili 2009 ilikuwa ikija bandari yetu ya Mombasa. Ni filamu inayofuata kanuni zote: mtu wa kawaida, mahali pa kubana, saa inayokimbia. Ila inafanya jambo moja la ziada. Mwanzoni inamwonyesha nahodha akiagana na mkewe Marekani, kisha inatupeleka ufukweni Somalia kuwaona vijana wakisukumwa na wakubwa wao waende baharini. Barkhad Abdi, aliyeigiza kiongozi wa maharamia na ambaye hakuwahi kuigiza kabla, aliteuliwa kuwania Oscar na akashinda tuzo ya BAFTA. Haramia ni haramia bado, filamu haimsafishi. Lakini hadi mwisho unajikuta unamwogopa na kumwogopea kwa wakati mmoja, na hapo ndipo filamu inapata nguvu yake.

Eye in the Sky ya mwaka 2015, ya Gavin Hood, inasimulia kuhusu droni inayoizunguka nyumba moja Nairobi ambamo washambuliaji wa kujitoa mhanga wanajiandaa. Kombora liko tayari. Nje ya ukuta, msichana mdogo anaitwa Alia amepanga mikate yake na anauza. Bomu la Hitchcock liko mezani, ila safari hii linatoka angani, na wanaolihesabia dakika ni wakubwa walioketi Uingereza na Marekani. Babaye Alia ni fundi wa baiskeli anayemfundisha bintiye kusoma kwa siri. Waliotengeneza filamu hii walijua kwamba lazima tumwone mtoto huyu akicheza kabla hatujamwogopea. Kasoro yake ni kwamba imeichora Eastleigh kama mtaa unaotawaliwa na wapiganaji wenye bunduki barabarani. Mfanyabiashara yeyote wa Mombasa anayekwenda kule kununua vitambaa na viatu kwa jumla anajua wasiwasi wa Eastleigh ni bei na msongamano.

Ya tatu ni fupi, dakika zipatazo 22, na kwangu ndiyo somo kubwa: Watu Wote ya mwaka 2017, ya mwongozaji Mjerumani Katja Benrath, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Imetokana na tukio la tarehe 21 Desemba 2015, ambapo wapiganaji walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kuwataka abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Kila Mkenya aliyesikia alijua maana yake, kwa sababu Novemba 2014 watu 28 waliteremshwa kutoka basi jingine huko huko na kuuawa. Safari hii Waislamu walikataa kujitenga. Wanawake waliwapa wenzao hijabu wajifunike.

Angalia jinsi kanuni zinavyofanya kazi. Basi ni mahali pasipo na pa kutokea. Mtazamaji Mkenya anajua lililotokea mwaka uliotangulia, kwa hiyo bomu liko chini ya meza hata kabla injini haijawashwa. Mhusika mkuu ni mwanamke Mkristo aliyejaa uchungu dhidi ya Waislamu. Muuaji ana bunduki na anajiita Mwislamu. Anayesimama mbele ya bunduki pia ni Mwislamu. Njia ya mkato ya mavazi imekatika. Hijabu, ambayo filamu nyingine zimeifanya ishara ya hatari, hapa ndiyo inayofunika roho ya mtu isionekane na muuaji. Hakuna kanuni hata moja iliyovunjwa, ila swali la nani aogopewe limejibiwa kwa namna nyingine.

Maswali ya kwenda nayo

Uingereza mwaka 2018 lilianzishwa jaribio linaloitwa Riz Test, kwa jina la mwigizaji Riz Ahmed, baada ya hotuba aliyoitoa bungeni kule mwaka 2017 kuhusu jinsi watu wa kila jamii wanavyoonyeshwa. Ikiwa filamu ina mhusika anayetambulika kuwa Mwislamu, huulizwa: Je, anahusishwa na ugaidi, kwa kuuzungumzia, kuufanya au kuathiriwa nao? Je, ana hasira zisizo na sababu? Je, ni mshirikina au mtu aliyebaki nyuma? Je, ameonyeshwa kuwa tishio kwa maisha ya Wamagharibi? Na kama ni mwanamume, anawadharau wanawake; kama ni mwanamke, anakandamizwa na wanaume wake? Jibu moja la ndiyo linatosha filamu kuanguka.

Jaribio hili lina ukali wake: hata Watu Wote lingeiangusha kwa swali la kwanza. Kwa hiyo naongeza maswali yangu matatu, yanayotokana na kanuni tulizozipitia, ambayo mzazi anaweza kumuuliza mwanawe baada ya filamu kwisha. Nani alionyeshwa nyumbani kwake kabla hatari haijaanza? Muziki ulibadilika alipoingia nani? Na nani alikufa bila sisi kulijua jina lake? Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kuyajibu, na akishayajibu mara tatu nne hatazami tena kama zamani. Alama za umri za Bodi ya Uainishaji wa Filamu, yaani GE, PG, 16 na 18, zitakusaidia kujua kama filamu ina damu au uchafu. Maswali haya zitakuachia wewe.

Kwa vijana wetu wanaoshika kamera, na siku hizi simu ya mkononi ni kamera, nawaambia vifaa vyote viko mlangoni. Feri ya Likoni imejaa watu, imeondoka gatini, na hakuna wa kushuka mpaka ng'ambo: umepata mahali pasipo na pa kutokea. Vichochoro vya Lamu havipitishi gari, kwa hiyo kukimbizana ni kwa miguu au kwa punda. Bahari ya kusi haimngoji mtu, hiyo ni saa yako. Na ukitafuta kitu ambacho watu wa Pwani watakifukuzia hadi kuuana, huna haja ya almasi: weka hati ya shamba ndani ya bahasha ya kaki, useme zipo mbili zenye namba moja. Hakuna mtazamaji wa kutoka Vanga hadi Kiunga atakayeuliza kwa nini watu wanaikimbilia.

Kisha, kabla hujaanza kumkimbiza kijana wako kwenye kichochoro, tuonyeshe kwanza mahali anapolala na mtu anayemngojea na chakula cha usiku.